Witiri ya Bao: Namba Moja Kubwa na Lugha ya Kuitaja



Katika mihadhara ya namna hii wasikilizaji wamezoea kuletewa tenzi, lahaja, au historia ya usanifishaji wa lugha. Leo naomba radhi, kwani nimekuja na namba. Ni moja tu, nayo ni hii:

9,900,582,591,005,555,469,968,805

Ina tarakimu ishirini na tano. Sikuiokota katika kitabu cha kigeni. Imo katika mabaraza ya Mji Mkongwe, na imo chini ya miembe ya vijiji vya shamba, kila mahali ambapo wazee wameketi kuzunguka ubao. Ni idadi ya namna zote ambazo kete 64 za bao zinaweza kukaa katika mashimo yake 32. Kila anayecheza bao huishika namba hii mikononi bila ya kuiona.

Sababu ya kuileta mbele ya wanafunzi wa Kiswahili ni hii. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Sikuja kuijadili sera hiyo. Wenye kuijadili wapo, na hoja za pande zote mbili zimesemwa sana. Ninachotaka ni kitu kidogo zaidi, na kwa maoni yangu kina faida zaidi. Mara nyingi tumesikia kauli kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba Hisabati, na mara nyingi tumeijibu kwa kauli nyingine kwamba kinaweza. Kauli kwa kauli haziishi. Kwa hiyo leo nitafanya hesabu moja kwa Kiswahili, mbele yenu, tangu mwanzo hadi mwisho, nione lugha itakwama wapi. Nawaambia mapema kwamba kipo mahali itakapojikwaa, na si pale ambapo wengi wanapadhania.

Tuanze na jinsi namba inavyopatikana. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete, ambazo aghalabu ni komwe, ni 64. Sasa uwekeni ubao kando na zipangeni komwe zote katika mstari mmoja sakafuni. Chukueni njiti 31 za kibiriti mzichomeke katika mstari huo popote mnapopenda, hata njiti mbili au tatu zikae pamoja bila ya komwe baina yao. Njiti 31 zinaukata mstari katika mafungu 32. Fungu la kwanza ni shimo la kwanza, la pili ni shimo la pili, na kadhalika mpaka la mwisho. Fungu lisilo na komwe ni shimo tupu. Kwa njia hii kila mpangilio wa ubao una mstari wake mmoja, na kila mstari una mpangilio wake mmoja. Mstari una vitu 95 kwa jumla, komwe 64 na njiti 31, na suala lote limebaki kuwa hili: kati ya nafasi 95, ni kwa njia ngapi tunaweza kuteua nafasi 31 za njiti? Jibu ni ile namba niliyoiandika hapo juu.

Inafaa nitoe tahadhari mbili kabla ya wachezaji waliomo humu ukumbini hawajanikatiza. Ya kwanza ni kwamba mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Katika hatua ya namua kila mchezaji huwa na kete kumi tu mashimoni, sita katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na ishirini na mbili nyingine zimo mkononi. Namba yetu inahusu ubao uliokwisha kupokea kete zote, yaani hatua ya mtaji. Ya pili ni kwamba tumehesabu mikao yote ya kete, pamoja na ile ambayo mchezo halisi hauifikii, na ile ambayo mchezo umekwisha kwa sababu safu ya mbele ya mmoja imebaki tupu. Ni hesabu ya ubao, si hesabu ya mashindano.

Ukubwa wake sitauzungumzia sana, maana ukubwa ni sifa rahisi kuliko zote. Mtu akipanga mpangilio mmoja kila sekunde, usiku na mchana, atahitaji muda unaozidi mara milioni ishirini ya umri wa ulimwengu kama unavyokadiriwa na wanafalaki, yaani miaka bilioni 13.8. Wengi wenu mnaijua hadithi ya sataranji na punje za nafaka, punje moja katika nyumba ya kwanza, mbili katika ya pili, nne katika ya tatu, mpaka nyumba ya 64. Al-Biruni aliikokotoa jumla yake miaka elfu moja iliyopita, nayo ni 18,446,744,073,709,551,615. Namba ya bao inaipita hiyo zaidi ya mara laki tano. Nasisitiza neno laki; tutalirudia. Na hapa ndipo inapoonekana ajabu ya bingwa wa bao. Alexander de Voogt, ambaye utafiti wake juu ya mabingwa wa Zanzibar ulichapishwa mwaka 1995, alishughulika na suala la akili ya mchezaji na mipaka yake. Bingwa hatembei katika bahari hii nzima. Anajua njia chache na anazijua vizuri.

Sasa nije kwenye tabia za namba yenyewe. Hisabati ya Kiswahili inagawa namba katika shufwa na witiri. Shufwa hugawika kwa mbili bila ya baki. Witiri hubakisha moja. Maneno haya hayakubuniwa na kamati yoyote ya istilahi. Tuliyapokea kutoka Kiarabu kwa njia ya dini: Sura ya Al-Fajr imeyataja yote mawili, na kila mtoto aliyesoma chuoni anaijua sala ya witiri. Kwa hiyo mtoto wa Unguja anapofika skuli tayari ameshakutana na witiri. Nadhani hii ni akiba ambayo hatujaitumia inavyostahili.

Je, namba ya bao ni shufwa au witiri? Mtu ataitazama tarakimu ya mwisho, aone tano, aseme ni witiri. Ni kweli, lakini huko ni kuona, si kujua. Zaidi ya hayo, jibu hili lingepaswa kutushangaza. Kila kitu katika bao ni shufwa: wachezaji wawili, safu nne, mashimo manane katika safu, mashimo 32, kete 64. Yote ni mbili iliyozidishwa kwa mbili tena na tena. Namna gani vitu vilivyo shufwa mpaka ndani vizae witiri?

Nitaonyesha sababu bila ya kutumia alama hata moja ya aljebra. Tuanze na ubao mdogo kabisa, wa mashimo mawili na kete nne. Mipangilio ni mitano: sufuri na nne, moja na tatu, mbili na mbili, tatu na moja, nne na sufuri. Geuzeni ubao, wa kulia awe wa kushoto. Sufuri na nne inakuwa nne na sufuri. Hao ni pacha. Moja na tatu inakuwa tatu na moja. Hao nao ni pacha. Lakini mbili na mbili ikigeuzwa inabaki ile ile. Haina pacha. Mipangilio yenye pacha huenda wawili wawili, na kwa hiyo idadi yake lazima iwe shufwa. Anayeamua kama jumla ni shufwa au witiri ni yule asiye na pacha.

Chukueni sasa ubao mzima. Uzungusheni, upande wangu uwe wako na wako uwe wangu. Mpangilio uliobadilika una pacha wake, na wote hao tunaweza kuwaweka kando kwa sababu idadi yao ni shufwa. Inabaki mipangilio isiyobadilika, yaani ile ambayo pande mbili zinafanana shimo kwa shimo. Katika mipangilio hiyo kila upande una kete 32 katika mashimo 16, na ukiujua upande mmoja umeujua wa pili. Idadi yake ni 751,616,304,549. Tumeshuka kutoka tarakimu ishirini na tano mpaka kumi na mbili, na suala letu halijabadilika: kama hii ni witiri, na ile kubwa ni witiri.

Turudie kazi ile ile. Upande mmoja wa ubao una nusu ya kulia na nusu ya kushoto. Tuzibadilishane. Zenye pacha zinaondoka, zinabaki zile zenye kete 16 katika mashimo manane ya nusu moja, nazo ni 245,157. Katika nusu hiyo tubadilishane safu ya mbele na ya nyuma: zinabaki kete nane katika mashimo manne, mipangilio 165. Tuyakate mashimo manne katikati: zinabaki kete nne katika mashimo mawili, na hao ni wale watano tuliowahesabu kwa vidole. Tukate mara ya mwisho: kete mbili katika shimo moja. Mpangilio mmoja tu.

Mmoja ni witiri. Basi watano ni witiri, na 165 ni witiri, na 245,157, na 751,616,304,549, na namba yetu ya tarakimu ishirini na tano nayo ni witiri. Katika bahari nzima ya mipangilio, mmoja ndiye aliyebaki peke yake baada ya kila mwenye pacha kupewa pacha wake: ule ambao kila shimo lina kete mbili. Na mpangilio huo mnaujua. Ndio unaoanzia bao la kujifunza, ule ambao mtoto hupangiwa kabla hajaruhusiwa kushika namua. Sidai kwamba wazee waliuchagua kwa sababu ya hesabu hii. Lakini nilipofika hapo mara ya kwanza, na penseli mkononi, niliinuka kitini.

Tabia ya pili inahusu vigawo tasa. Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Niruhusuni nisimame kidogo kwenye neno hili. Waarabu huziita namba hizi kwa neno lenye maana ya za mwanzo. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kilichukua neno la mnyama au mtu asiyezaa. Istilahi hii inaeleweka mara moja, na ndiyo sifa yake. Lakini ina kasoro ya kuchekesha, kwani namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote kwa kuzidishana. Tasa ndio wazazi. Hata hivyo sipendekezi tulibadilishe. Istilahi iliyokwisha kukaa midomoni mwa wanafunzi ina thamani kuliko istilahi sahihi iliyokaa kabatini.

Wazazi wa namba yetu ni hawa kumi na saba: 3, 5, 11, 13, 17, 19, 23, 37, 41, 43, 47, 67, 71, 73, 79, 83 na 89. Zizidisheni zote na mtaipata namba ya bao, bila ya kuzidi wala kupungua. Tazameni kwamba hakuna hata mmoja aliyetokea mara mbili. Kati ya tasa zilizo chini ya 95 zimekosekana saba tu: 2, 7, 29, 31, 53, 59 na 61. Mbili tumekwisha kuieleza. Saba, namba ya fungate na ya siku za juma, haimo. Anayependa kutafuta maana katika namba atakuwa na kazi hapo, mimi sina.

Tumejuaje bila ya kompyuta? Mjerumani Ernst Kummer alitoa kanuni mwaka 1852 ambayo mwanafunzi wa skuli anaweza kuitumia. Ukitaka kujua tasa fulani imeingia mara ngapi, andika 31 na 64 kwa mafungu ya tasa hiyo badala ya mafungu ya kumi, zijumlishe, kisha hesabu ni mara ngapi ulilazimika kubeba moja kuipeleka nafasi ya kushoto. Mara ulizobeba ndizo mara tasa hiyo ilizoingia. Kwa mafungu ya saba, 31 inaandikwa 43 na 64 inaandikwa 121. Jumla ni 164, na hakuna kilichobebwa. Kwa hiyo saba haimo. Kwa mafungu ya tano, 31 ni 111 na 64 ni 224. Moja na nne ni tano, tunaandika sufuri na kubeba moja, halafu hatubebi tena. Tano imeingia mara moja. Kwa mafungu ya mbili, 31 ni 11111 na 64 ni 1000000. Zinapita bila ya kugusana, na hiyo ni njia ya pili ya kuona kwamba namba ni witiri.

Kwa kuwa kila mzazi ameingia mara moja tu, kila kigawo cha namba hii hupatikana kwa kuamua, kwa kila mmoja wa wale kumi na saba, awemo au asiwemo. Maamuzi ni mawili, mara kumi na saba: vigawo 131,072. Mbili, iliyofukuzwa mlangoni, imerudi kwa dirishani.

Mpaka hapa, naomba mniambie, lugha imekwama wapi? Tumesema witiri, tasa, kigawo, baki, pacha, kubeba. Nimetoa uthibitisho kamili, na anayecheza bao ameuelewa pengine mapema kuliko anayejua aljebra. Lakini nikimwomba yeyote humu aisome ile namba kwa sauti, ukumbi utanyamaza. Hapo ndipo tunapojikwaa: kuthibitisha tumeweza, kutaja ndiko kunakotutatiza.

Tatizo linaanza chini sana kuliko tarakimu ishirini na tano. Semeni: elfu mia tano na tano. Je, ni 500,005 au ni 505,000? Sokoni Darajani hakuna anayebishana, kwa sababu bei yenyewe inafafanua. Katika Hisabati hakuna bei ya kutufafanulia. Chanzo ni kwamba Kiswahili huweka elfu mbele ya idadi yake, na kiunganishi na hakionyeshi mahali idadi hiyo inapokwisha. Wengine hukwepa kwa kusema mia tano na tano elfu, lakini hapo nako msikilizaji anaweza kusikia mia tano, kisha elfu tano.

Dawa tunayo, nayo ni laki. Laki tano na tano ni 500,005. Laki tano na elfu tano ni 505,000. Hakuna utata. Neno hili lilitufikia kutoka lugha za Bara Hindi, kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na katika karne ya 19, wakati forodha ya Zanzibar ilipokuwa ikikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, hesabu kubwa za mji huu zilipita mikononi mwa watu waliohesabu kwa laki. Nimewasikia walimu wakiwakataza wanafunzi kulitumia darasani kwa kisingizio kwamba ni neno la mitaani. Naona wanakosea. Pale ambapo elfu inavuja, laki ndiyo inayoziba. Tungeweza pia kufufua kikwi, neno letu la zamani la Kibantu, lakini kikwi ni elfu ile ile kwa jina jingine. Haitupandishi hata ngazi moja.

Juu ya milioni kuna tatizo jingine. Bilioni ya Waingereza ilikuwa milioni ya milioni mpaka serikali yao ilipoamua mwaka 1974 kufuata desturi ya Marekani, ambako bilioni ni milioni elfu moja. Kwa Kifaransa milioni elfu moja ni milliard, na billion ni ile ya zamani. Maana yake ni kwamba Mswahili wa Unguja na Mswahili wa Bukavu, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, wanaweza kusema bilioni na wakakusudia vitu viwili tofauti. Tukiendelea kukopa mpaka septilioni, tutakopa na ugomvi wake.

Pendekezo langu ni kuipanda namba kwa milioni, kama tunavyopanda nyumba ya Mji Mkongwe. Igaweni tarakimu sita sita kutoka kulia: 9, 900582, 591005, 555469, 968805. Fungu la mwisho ni la chini, dukani. Linalofuata ni ghorofa ya kwanza, ambako kila moja ni milioni. Ghorofa ya pili kila moja ni milioni ya milioni. Na hivyo hivyo kupanda. Ndani ya kila ghorofa zinatosha laki, elfu na mia. Namba ya bao basi inasomwa hivi, na naomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanifuatishe kwa sauti:

Ghorofa ya nne, tisa. Ghorofa ya tatu, laki tisa, mia tano themanini na mbili. Ghorofa ya pili, laki tano, elfu tisini na moja, na tano. Ghorofa ya kwanza, laki tano, elfu hamsini na tano, mia nne sitini na tisa. Chini, laki tisa, elfu sitini na nane, mia nane na tano.

Neno ghorofa halinitoshi na sitalipigania. Anayepata bora alilete. Ubao wa bao uko pale mlangoni, umepangwa kete mbili mbili.